Njia Tuliyoombwa kwa Isale

Desemba iliyopita niliifikia njia ya utoto wangu nikaikuta imefungwa kwa mti. Haukuwa mti ulioangushwa na upepo. Ulikuwa mti ulionyooka, uliorandwa na kupakwa rangi nyekundu na nyeupe, umelazwa juu ya magogo mawili, na kando yake kibao kipya: Njia ya baiskeli. Magari na pikipiki haviruhusiwi. Nilizima gari, nikakisoma mara ya pili. Nitakuwa mkweli kwako, msomaji: jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa furaha.

Furaha hiyo ilikuwa na sababu. Kijiji cha bibi yangu kiko mbele ya Mwika, ukielekea mpakani, pale mteremko wa mlima unapogeukia jua linakochomoza. Ukisimama ukingoni mwa kihamba chake, shamba la ukoo la migomba na kahawa, unaiona Kenya chini: tambarare ya rangi ya kahawia, na mabati yanayometameta asubuhi. Njia inatoka migombani, inazama korongoni, inapanda tena kwa kujipinda, kisha inateremka moja kwa moja hadi sokoni mpakani. Tulipokuwa watoto haikuwa na magari, wala hakuna aliyeyakataza. Hayakuwepo tu. Lori lilikuja msimu wa kahawa, likapakia, likaondoka, na vumbi lake lilipotua njia ikarudi kuwa yetu.

Baiskeli ya babu ilikuwa nyeusi, nzito kama ndama. Nilijifunza kuiendesha kabla miguu yangu haijafika kwenye pedeli, nikipenyeza mguu mmoja katikati ya fremu, mwili wote umepinda upande. Mimi ni mwanamke, na wakati huo msichana juu ya baiskeli alikuwa kioja. Mwalimu alimfuata bibi kumweleza kwamba haipendezi. Bibi, aliyekuwa akimenya ndizi, hakuinua hata kichwa. "Mwalimu, maziwa ya chai yako analeta nani?" aliuliza. "Basi mwache apande." Tangu siku hiyo nilipeleka maziwa kwa baiskeli kila asubuhi, chupa zikigongana kwenye karia, mbega wakirukaruka juu ya korongo, na harufu ya maganda ya kahawa yaliyovunda ikinifuata kihamba hadi kihamba.

Njia ile ilikuwa na adabu yake. Aliyekuwa akipanda na mzigo, awe na mikungu ya ndizi au majani ya ng'ombe kutoka tambarare, hakuachwa peke yake. Ukiteremka mikono mitupu ukakutana naye, ulishuka, ukaegesha baiskeli yako kwenye kingo, ukamsukuma hadi konani. Nimemwona mwalimu huyohuyo, na tai yake shingoni, akimsukuma muuza mkaa huku wakibishana habari za mahubiri ya Jumapili. Hakuna aliyeshukuru, kwa sababu kesho ingekuwa zamu yako. Nyumbani tulikuta kiburu kimepondwa, ndizi na maharage, bado kikitoa mvuke, nasi tulikula kwa vidole vyenye grisi ya cheni.

Ndiyo maana, nilipokisoma kile kibao, niliona kana kwamba kuna mtu aliyenitunzia utoto wangu. Kisha nikakumbuka kilichonileta. Bibi, ambaye sasa ni mkongwe wa kubebwa, alikuwa amebanwa na kifua tangu alfajiri. Hospitali ya Moshi ilikuwa inamsubiri, nami nilikuwa nimekuja kumchukua.

Mlinzi alitoka kwenye kibanda cha mabati. Alikuwa kijana wa kijiji, nilimjua kwa sura ya mama yake.

"Shikamoo, dada. Pole na safari. Gari linabaki hapa."

Nikamweleza kuhusu bibi.

"Najua, dada, hata mimi nimeshtuka kusikia. Lakini gari linabaki. Labda uzungukie barabara ya juu."

Barabara ya juu ni ya mawe matupu. Gari dogo hutambaa huko, na mitikisiko yake humchosha hata mzima. Nilikuwa bado nimeduwaa pale wageni wa baiskeli walipofika kutoka juu, kofia ngumu vichwani, wakapita kwenye upenyo kando ya mti. Walitupungia mikono. Matairi yao hayakutoa sauti yoyote. Niliitambua furaha iliyokuwa nyusoni mwao. Ilikuwa ileile niliyokuwa nayo muda mfupi tu uliopita.

Nilimpigia simu shangazi. Akaja mbio, na viatu vya mpira vyenye samadi, kanga imefungwa kiunoni kama mtu aendaye kupigana.

"Wewe!" alimwambia mlinzi. "Si wewe uliyekuwa ukija kwangu kulamba sufuria ya kiburu, kamasi zinakutoka? Leo unanifungia njia?"

"Shikamoo, shangazi. Mimi nimewekwa tu hapa."

"Umewekwa kama gunia! Fungua."

"Nikifungua, kesho utanipa kazi wewe?"

"Nitakupa ng'ombe umkatie majani."

Mlinzi alicheka, na kicheko chake hakikuwa na ubaya. Lakini mkono wake haukutoka kwenye kamba.

Nikamgeukia shangazi. Niliuliza ni nani aliyekubali jambo hili, kwa kuwa kijiji chetu hakijawahi kukubaliana hata rangi ya milango ya kanisa. Shangazi akaifungua kanga kiunoni, akaifunga upya. Kisha akanieleza.

Mwenye biashara ya safari za baiskeli ni mtu wa mlima huuhuu, wa upande wa Masama. Aliuweka mti kwanza, bila kumwuliza mtu. Watu walipokasirika, mkutano ukaitishwa, na kila mmoja akaja na maneno yake makali tayari mdomoni. Yule bwana akaingia akiwa amevua kofia, ameshika isale mkononi.

Huenda umeliona jani hilo refu la kijani, limepandwa kwa mstari mipakani mwa vihamba vyetu. Kwetu sisi, aliyekukosea akija na isale mkononi, humfukuzi. Hata kama alimwaga damu ya ndugu yako, unalipokea jani, na hasira inaishia hapo. Yule bwana alilijua hilo kama sisi. Alipiga goti mbele ya wazee, akasema amekosa kuweka mti bila ruhusa, anaomba radhi.

"Mkasemaje?" nilimwuliza shangazi.

"Tungesemaje? Amekuja na isale."

"Na mti?"

"Tulimsamehe yeye. Mti hatukuusamehe." Sauti yake ilishuka. "Lakini mkutano ulipokwisha, mti ulikuwa bado uko palepale, na sisi tulikuwa tumeshapokea jani. Ukiudai tena, unaonekana hukusamehe. Nani ataanza?"

Nimesoma chuo kikuu, nimesikia njia nyingi ambazo watu hunyang'anywa ardhi: kwa hila, kwa nguvu, kwa sheria. Sikuwa nimewahi kusikia watu walionyang'anywa kwa kuombwa radhi. Kitu kitakatifu kuliko vyote tulivyorithi kilikuwa kimetumika kama ufunguo, na aliyeutumia alikuwa mmoja wetu. Ni nani mwingine angejua tundu liko wapi?

Mlinzi, kwa huruma yake mwenyewe, alimpigia bosi wake na kunipa simu. Sauti iliyonijibu ilikuwa ya mtu aliyelelewa vizuri. Alinipa pole kwa kuuguliwa, akaulizia hali ya bibi kwa maneno ya kikwetu. Kisha akasema: "Kwa leo, dada, apite."

Kwa leo. Mti ukainuliwa.

Tulimtoa bibi kitandani, tukamfunika blanketi, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa chake kwenye mapaja ya shangazi. Pumzi yake ilikwaruza kila alipoivuta. Tuliteremka polepole. Tulipofika kwenye mti, bibi aliniita.

"Simama, mama. Teremsha kioo."

Nilidhani anataka hewa. Akajiinua kwa kiwiko, akamtafuta mlinzi kwa macho yasiyoona vizuri tena, akamnyooshea mikono yote miwili.

"Asante, baba. Mungu akubariki kwa kuturuhusu."

Mlinzi aliangalia chini. Shangazi aligeuza uso. Njia ile ilichimbwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, na bibi alikuwa miongoni mwa wanawake waliobeba mawe yake kichwani, baba yangu akiwa mgongoni mwake. Sikuwahi kumsikia akimshukuru mtu kwa kupita pale. Nililia hadi tulipofika lami.

Tuliwahi. Alipewa hewa na dawa, kifua kikafunguka, na baada ya siku chache tuliruhusiwa kumrudisha. Nilipokaribia njiapanda nilianza kukata kona kuelekea kwenye mti, huku nikiyapanga kichwani maneno ya kumwomba mlinzi.

"Zungukia juu," bibi akasema.

Nilimwambia kwamba huko ni mawe. Akasema anajua. Tulipanda kwa kutambaa, gari likiruka na kudunda, naye akishika kiti kwa nguvu alizobaki nazo. Nikamwuliza kama anaumia.

"Naumia," alisema. "Lakini huku sijamwomba mtu."

Njia ya utoto wangu ipo. Haina magari, ni safi kuliko tulivyoiacha, na wageni wanaoipita hawakosei kuipenda. Ukiwauliza watakuambia hakuna kilichoharibika, na kwa macho yao ni kweli. Kilichotoweka hakionekani ukiwa juu ya baiskeli. Kilitoweka katika mkutano, mbele ya wazee wenye adabu, na hakuna hata mmoja wetu aliyepiga kelele.