Mianzi Kutoka Yiti

Ghorofa ya juu ya nyumba yetu ya Ghubra, Muscat, tulimpangisha muuguzi mmoja wa Kifilipino, yeye na mumewe na binti yao. Kwa miezi mingi tulichokuwa tukikijua kwao ni viatu vyao vya hospitali ngazini na harufu ya kitunguu thomu kila jioni. Tukikutana tukisalimiana, basi.

Siku moja baada ya alasiri muuguzi akabisha hodi, mkononi ana sahani imefunikwa kitambaa. Ndani mlikuwa na mkate wa mchele na nazi walioupika wenyewe. Mama yangu, mzaliwa wa Zanzibar, aliyekuwa akiishi nasi tangu baba alipofariki, akamega kipande, akatafuna, akanitazama.

"Huu si mkate wa kumimina huu? Umekosa iliki tu."

Nikamfasiria mgeni, naye akacheka, akakaa. Ndipo alipotuambia kilichomleta. Yeye na wazazi wenziwe wawili walikuwa na kikundi cha vijana wa Kifilipino, wengi wao wamezaliwa hapahapa Muscat, na walikuwa wakiwafundisha ngoma za kwao. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyetozwa. Ukumbi waliokuwa wakiutumia ulikuwa unafanyiwa matengenezo, na ua wetu ulikuwa mkubwa. Je, tungewakubalia waje Ijumaa jioni, kwa muda tu?

Mimi nafanya kazi wizarani, na Ijumaa kwangu ni siku ya kulala. Nikaanza kufikiria magari mlangoni, majirani, na kelele, na namna ya kukataa bila ya kumvunja mtu moyo. Nikamweleza mama kwa Kiswahili, na hata sijamaliza akajibu.

"Mwambie waje."

"Mama, ni vijana wengi."

"Ua nao mkubwa. Nani anautumia? Paka tu."

Basi Ijumaa ile wakaja. Wakashusha mianzi miwili mirefu kutoka juu ya gari, wakaiweka chini sambamba, na chini ya ncha zake wakaweka vipande vya mbao. Wapigaji wawili wakachuchumaa, mmoja kila upande, wakawa wanaigonga mianzi kwenye mbao, kisha wanaigonganisha yenyewe kwa yenyewe, na wachezaji wanaruka ndani na nje katikati yake. Ngoma hiyo huitwa tinikling. Muuguzi alitueleza kuwa inamwiga ndege mwenye miguu mirefu anayekimbia mashambani akikwepa mitego. Anayechelewa kuutoa mguu hubanwa, na wengi siku ile walibanwa.

Kilichonifurahisha zaidi ni maneno yao. Muuguzi alikuwa akiwapigia kelele kwa lugha yao, na nusu ya vijana wakimkodolea macho. Wenyewe kwa wenyewe walizungumza Kiingereza, na katikati wakitia "yalla" na "khalas" za Kiarabu kama watoto wote wa mji huu. Nikacheka kwa sababu ndani kwangu mambo yalikuwa hayohayo. Mama akimsemesha binti yangu kwa Kiswahili, mtoto akimjibu kwa Kiarabu, na akikasirika akimjibu kwa Kiingereza.

Huyo binti yangu Ijumaa ya kwanza alisimama dirishani jikoni, simu mkononi. Ya pili akatoka kuwapelekea maji. Ya tatu nilipoangalia nikamkuta yumo katikati ya mianzi, amemshika mkono binti wa muuguzi, amekunja uso kama mtu anayefanya mtihani wa hesabu.

Mama naye akawa na kiti chake mlangoni. Vijana wakipita wanamwamkia, "Lola, Lola." Wiki mbili alistahamili, mwisho akaniuliza, "Huyu Lola ni nani wanayemtafuta kwangu?" Nikamuuliza muuguzi, akasema maana yake ni bibi. Nilimwona mama akijiweka sawa kitini, na toka siku ile akiitwa Lola anaitikia.

Ijumaa moja wakati wa kupumzika, muuguzi alikaa chini karibu na mama, akauliza kupitia kwangu:

"Mama, kwenu Zanzibar ulikuwa ukicheza ngoma gani?"

Nilidhani atataja ngoma tatu nne. Mama akacheka kidogo.

"Sikucheza," akasema. "Marehemu baba hakuwa akituruhusu. Ngoma ikipita njiani sisi wasichana tukipanda juu, tukichungulia nyuma ya pazia. Miguu yangu haitulii. Dada yangu akinikanyaga ninyamae, wasije wakatusikia chini."

Maisha yangu yote sikuwahi kulisikia hilo. Hadithi za Zanzibar nyumbani kwetu zilikuwa za karafuu, za skuli, za nani kamwoa nani. Nilipomfasiria muuguzi, aliinuka, akachukua kigoda cha jikoni, akakiweka kwenye ncha ya mianzi, akakipigapiga kwa kiganja kumwonyesha mama mahala pa kukaa.

"Mie?" mama akauliza. "Na magoti haya?"

Lakini alikuwa ameshasimama. Akajifunga kanga kiunoni, akakaa, akaishika mianzi. Mwanzo aligonga mbio mbio mpaka vijana wakawa wanaruka kama wamekanyaga makaa. Muuguzi akamwonyesha kwa mkono, taratibu, taratibu. Baada ya muda mkono ukakaa sawa, na hakuna aliyebanwa tena. Hakuinuka mpaka ikaadhiniwa magharibi. Usiku ule nilimkanda mabega kwa mafuta ya karafuu, naye akanieleza nani anaruka vizuri na nani mvivu wa mguu wa kushoto.

Ilipobaki wiki moja kabla ya onyesho lao, kijana wao mrefu alikosea akatua juu ya mwanzi, ukapasuka. Tulipouangalia wa pili nao ulikuwa na ufa, maana hewa kavu ya hapa haina huruma na mianzi. Wakajaribu mabomba ya plastiki. Mama akagonga mara moja akayaweka chini.

"Hii sauti ya bomba la choo."

Na kweli ilikuwa hivyo. Tukazunguka mabustani ya kuuzia miche mpaka kitongoji cha Ansab, tukakuta vijiti vya kuegemezea miche ya tungule tu. Muuguzi alianza kusema ngoma ile waiache, wacheze nyengine. Mama hakutaka kusikia. Alikaa akifikiri, kisha akaniambia, "Mtoto wa ami yangu, yule wa kijiji cha Yiti. Banda la mbuzi wake limeezekwa juu ya mianzi."

Binamu huyu wa mama, ambaye sisi humwita Ami, alistaafu serikalini akahamia Yiti kufuga mbuzi, na anawapenda kuliko alivyopata kuipenda ofisi yoyote. Jumamosi asubuhi tukapanda gari: mimi, mama, muuguzi na mabinti wetu wawili. Tulimkuta anawapa mbuzi tende. Mama hakumzungusha, alimwomba hata kahawa haijamiminwa.

"Mianzi ya nini?" akauliza Ami.

"Ya kuchezea ngoma."

"Ngoma ya nani?"

"Ya Wafilipino."

Ami akamtazama mama, akamtazama muuguzi, akaitazama mianzi yake.

"Na mbuzi wangu wakae juani?"

Binti wa muuguzi, ambaye Kiarabu chake ni cha skuli lakini kizuri, akamjibu kwa adabu kwamba baba yake ni fundi wa vyuma na atakuja kuweka banda jipya, la mabomba na turubali. Ami akataka kujua turubali la rangi gani. Kijani, akasema yule mtoto. Ami akafikiri.

"Kijani kinanifaa. Lakini nna sharti. Mianzi yangu ikicheza, na mie niwepo nione."

Tukaichomoa minne, tukaiingiza garini kwa nyuma, ikapita katikati ya viti mpaka ikagusa kioo cha mbele. Mama alikaa mwanzi umemlalia begani, na njia nzima ya milimani gari lilinuka beberu. Tuliiosha kwa sabuni na ndimu, ikanuka beberu aliyeoga. Mume wa muuguzi alikwenda Yiti kesho yake na banda likasimama.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa familia za Kifilipino, na harufu ya nguo mpya na kuku wa kukaanga. Ami alikaa nasi safu ya mbele na kanzu yake ya dishdasha na kofia, mikono juu ya bakora. Binti yangu alitokea na sketi ya rangi aliyoshonewa na muuguzi, suruali ndani na mtandio kichwani, na aliponiona akanikazia macho nisimpungie mkono. Nikampungia. Mama alikuwa ameombwa akagonge mianzi, akakataa kabisa. "Uani sawa. Mbele za watu, mtu mzima mie, hapana."

Wakacheza vizuri. Kijana mrefu hakutua juu ya kitu. Mianzi ya Ami ilikuwa na sauti nzito kuliko ile ya zamani, na kila ikigongana Ami akitikisa kichwa kama mtu anayesifiwa mwanawe.

Kisha muuguzi akatangaza kuwa atakayetaka kujaribu apande. Watu wakasukumana wakicheka. Mama akanigeukia.

"Nenda."

"Mama, mimi?"

"Miguu unayo. Nenda."

Nikapanda na abaya yangu nimeishika kwa mikono miwili, binti yangu amejifunika uso kwa aibu. Kijana aliyegonga alikuwa na furaha nyingi na mkono mwepesi. Hatua ya kwanza nikapita, ya pili mianzi ikanibana kifundo cha mguu, nikabaki nimesimama kama kuku aliyefungwa, ukumbi mzima unacheka na mimi nacheka nao. Sauti ya Ami ilisikika juu ya zote.

Nilipoinua uso nikamwona mama anampa Ami mkoba wake. Akapanda jukwaani, akamgusa kijana bega, akamwambia kwa Kiswahili, ambacho yule kijana hakijui hata chembe, "Ondoka baba, unamuumiza mwanangu." Kijana akaondoka. Mama akakaa, akaishika mianzi, akagonga polepole, na midomo yake ikinihesabia. Safari hii nikapita. Nikarudi, nikapita tena. Binti yangu akaja akanishika mkono, na mama akaongeza mwendo kidogo, macho yake kwenye miguu yetu. Sikumbuki makofi. Nakumbuka jinsi alivyokuwa akitabasamu bila ya kujifunika mdomo, jambo ambalo halifanyi hata katika picha.

Ukumbi wao ulimalizwa kutengenezwa, lakini hawakurudi huko. Ijumaa ua wetu umejaa mpaka leo, na majirani nao huja na viti vyao.

Msimu wa joto uliofuata muuguzi na mumewe walikwenda kwao likizo na binti yao. Siku moja yule mtoto akatupigia simu ya video kutoka kijijini kwa bibi yake. Alikuwa amewachezea jamaa zake tinikling, na watu wakamuuliza nani kamfundisha, kwa kuwa watoto wa pale walikuwa hawaichezi tena. Akawatajia mama yake, na Lola wa Muscat anayegonga mianzi, akataka kuwaonyesha huyo Lola. Binti yangu akampelekea simu mama, na upande wa pili akatokea bibi wa yule mtoto, mdogo wa mwili, kitambaa kichwani, kuku wanapita nyuma yake.

Mama akamwamkia. Yule bibi akajibu kwa maneno mengi. Mama naye akamwambia habari za joto la Muscat, na za magoti, na kwamba mjukuu wake ana adabu. Tulitaka kuwafasiria, lakini hakuna aliyetuuliza. Waliendelea hivyohivyo, kila mmoja kwa lugha yake, wakiitikiana na kucheka, mpaka chaji ya simu ikaisha.