Mpangaji wa Bibi Agoma Kula

Bibi yangu huniita mke mwenzangu. Ndivyo bibi na wajukuu wa kike wanavyotaniana kwetu, kwa kuwa babu huhesabiwa mume wa wote. Tangu babu afariki, bibi husema tumebaki wajane wawili, mmoja mzee na mmoja mzuri, na mzuri ni yeye. Kwa hiyo aliponipigia simu asubuhi moja nikiwa kwenye cherehani yangu Nachingwea mjini, akasema, "Mke mwenzangu, acha kila kitu uje, mgonjwa hali," sikuuliza mgonjwa gani. Kwake Mbekenyera alikuwa akiishi na mwenzake mmoja tu, na huyo alikuwa na miguu minne.

Alikuwa sungura dume, mweupe mwenye doa jeusi puani kama aliyechungulia masizi. Nilimpeleka mwenyewe, yeye na jike lake, nikiwa na mpango wa kumgeuza bibi kuwa mfugaji: wazaane, tule nyama. Jike alitoroka mapema na hatukumwona tena. Siku niliyosema basi tumchinje huyu aliyebaki, bibi alimfunika kwa khanga, akakaa mbele yake kwenye mkeka na kuniuliza kama wazazi wangu walinifundisha adabu. Kuanzia hapo sungura akahamia ndani. Kwa kuwa alilala nyumba ya watu, akala chakula cha watu na hakuchangia hata kijiti cha kuni, bibi akamwita Mpangaji.

Nilifunga mlango wa kibanda, nikapanda gari hadi Ruangwa, kisha bodaboda hadi Mbekenyera. Ulikuwa msimu wa korosho. Njia nzima ilinuka mabibo, yale matunda ya mkorosho, mengine yamepondwa na magurudumu, na nzi walikuwa na sherehe yao.

Nilimkuta Mpangaji kwenye kona nyuma ya mtungi wa maji, amejikunyata, masikio ameyalaza, akisaga meno taratibu bila kuwa na kitu mdomoni. Mbele yake kulikuwa na majani ya viazi vitamu, kipande cha karoti ambacho sijui bibi alikitoa wapi, na sahani yenye andazi. Hakuwa amegusa kitu.

"Tangu jana yuko hivi," bibi alisema. "Nimembembeleza, nimemgombeza, nimemsomea dua. Ananiangalia tu kama mimi ndiye niliyemkosea."

"Na hili andazi?"

"La kwangu. Nimeliweka hapo tu."

Kabla sijauliza zaidi, mtu alipiga hodi uani na kuingia bila kusubiri kukaribishwa. Alikuwa jirani yetu, mzee wa Kimakonde, mjane kama bibi. Sisi ni Wamwera, na pale kijijini Wamwera na Wamakonde ni watani: tunatukanana asubuhi na kuazimana chumvi jioni. Mkononi alikuwa na sufuria.

"Shikamoo, mtani," nilimwambia.

"Marahaba, mjukuu. Nimesikia kuna msiba unakuja. Nimeona nisije mikono mitupu."

"Toka na sufuria lako," bibi akasema.

"Mtani, nakushauri tu. Mchinjeni angali na roho, akifa hivihivi atakuwa mzoga, na nyie hamli mzoga. Mimi nitabaki namla peke yangu, na sipendi kuwa mchoyo."

Bibi alimrushia karoti. Aliidaka, akaitafuna, akaenda zake. Baada ya muda alirudi kutuletea vitunguu viwili, akasema ni vya mgonjwa. Kisha akarudi tena na ndimu. Kila akija alikuwa akimchungulia sungura pale konani, na niliona kwamba kila akimchungulia anachelewa kidogo kuondoka. Sikulitilia maanani wakati ule.

Kesho yake asubuhi nikasema twende kwa daktari wa mifugo Ruangwa. Nilitaka kwenda peke yangu. Bibi akajibu kwamba mgonjwa hasafiri na mtu asiyemzoea, akavaa baibui yake ya Idi, akamfunga Mpangaji kifuani kwa khanga kama anavyobebwa mtoto mchanga. Tukapanda bodaboda mshikaki: dereva mbele, bibi katikati, mimi nyuma nikiwa nimeng'ang'ania chuma cha mizigo.

Njiani pancha. Dereva akasimama kwenye vibanda fulani kuziba tairi, nasi tukakaa kwenye benchi la mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo. Mama yule alimwona bibi akimpigapiga mgongo kiumbe kilichofichwa kwenye khanga, akayeyuka moyo.

"Maskini. Mjukuu, bibi?"

"Kitukuu," bibi akajibu, bila kupepesa macho.

"Anaumwa nini?"

"Tumbo. Hataki kula kabisa."

"Pole jamani. Ana muda gani?"

"Ana mwaka na kitu."

"Mbona mdogo hivyo!"

"Kwao ni wafupi," bibi akasema, akinionyesha mimi kwa kidevu.

Mama akaomba amwone. Mimi nikageukia barabarani na kuanza kuyasoma maandishi ya lori moja lililopita. Nilisikia khanga ikifunguliwa, kisha sauti ya bibi, ya upole kabisa: "Masikio ameyachukua kwa baba yake." Mama yule alipiga yowe, halafu akacheka mpaka akakaa chini, na muhogo ukaungua. Alitupa vipande tule njiani. Bibi alivipokea kwa niaba ya mtoto.

Daktari wa mifugo alikuwa binti mdogo, amevaa gambuti zilizomzidi miguu. Alimwamkia bibi, akamweka Mpangaji mezani, akamfungua mdomo na kukagua meno, akasema meno mazuri. Akamminyaminya tumbo. Lilikuwa gumu, limejaa hewa.

"Mnamlisha nini, bibi?"

"Majani."

"Majani gani?"

"Majani tu. Ya kawaida."

Binti akamtazama. Mimi pia nikamtazama. Bibi akatazama dari.

"Na uji kidogo asubuhi," akasema. "Na Ijumaa andazi. Ijumaa ni siku kubwa, mwanangu, siwezi kula mwenyewe na mwenzangu anaangalia."

"Ijumaa tu?"

"Siku nyingine tunakumbuka Ijumaa."

Daktari alijizuia kucheka. Akainama karibu na mdomo wa sungura, akanusa. Akanusa tena. Akaniita na mimi ninuse. Ilikuwa harufu niliyokuwa nimeivuta njia nzima tangu Nachingwea, ila hii ilikuwa imechacha.

"Bibi," daktari akasema polepole, "huyu sungura ananuka uraka."

Ikumbukwe kwamba uraka ni pombe ya mabibo, na bibi yangu hajawahi kuonja pombe, na hata kikombe kilichowahi kutiwa pombe hakiingii kwake. Alisema astaghfirullah kama mara nne, akaanza kuongea Kimwera, na aliporudi kwenye Kiswahili alikuwa tayari ameshapata mshukiwa.

"Labda ni huyu mjukuu wangu anayenuka."

"Mimi?"

"Anaishi mjini," akamwambia daktari. "Siwezi kujua anayoyafanya."

Daktari akatueleza kwamba sungura akila vitu vitamu na vilivyochacha, tumbo linaacha kufanya kazi, linajaa gesi, linauma, basi anagoma kula, na kadiri asivyokula ndivyo tumbo linavyozidi kulala. Alimchoma sindano ya kutuliza maumivu na ya kuamsha tumbo. Akatupatia bomba la sindano lisilo na ncha, akatuonyesha jinsi ya kumnywesha maji kidogokidogo kupitia pembeni mwa mdomo ili asipaliwe. Tumkande tumbo. Tumwache arukeruke. Chakula chake kiwe nyasi, nyasi, na nyasi. "Andazi marufuku, bibi. Hata ikiwa Idi."

"Na akiniomba?"

"Hajui kuomba."

"Wewe humjui huyu," bibi akasema.

Tuliporudi nyumbani nilizunguka uani, nikakuta kwenye ua wa miti, upande wa jirani, pengo dogo lililolainishwa na mwili wa mtu anayepita mara kwa mara. Manyoya meupe yalikuwa yamenasa pembeni. Upande wa pili, nyuma ya jiko la mtani wetu, kulikuwa na lundo la makapi ya mabibo aliyokamulia uraka wake, yanatoa povu juani, na kulizunguka lundo lote vinyesi vidogo vya mviringo kama punje za mbaazi. Mpangaji alikuwa mteja wa kudumu.

Bibi aliliona pengo, akaliona lundo, akasimama pale mikono kiunoni na kumwita mtani kwa sauti iliyowatoa kuku kwenye vivuli.

"Umemlevya mpangaji wangu!"

Mtani alitoka akijifuta mikono. "Nani kamlevya? Alikuja mwenyewe. Jioni anakaa hapo, mimi nakaa hapa, tunaongea."

"Mnaongea nini?"

"Ananieleza mateso ya kwako. Anasema anaamshwa alfajiri na hajaajiriwa."

Nilidhani bibi atamrukia. Lakini nilimwona mtani ameshaacha kutabasamu, anauliza kwa sauti ya chini: "Daktari amesemaje? Kweli ni mabibo?" Nikamweleza. Alichukua jembe, akalifukia lundo lile lote, kisha akachukua panga akashuka bondeni, na aliporudi alikuwa na mzigo wa nyasi wa kumtosha ng'ombe. Sufuria lake hakulitaja tena.

Tukaanza kazi ya uuguzi. Mimi nilikuwa nashika, bibi ananywesha, mtani anatoa maoni. Mpangaji alikuwa akiyatunza maji shavuni mpaka bibi ashushe bomba, kisha anayatema yote kwenye baibui ya Idi. "Ana hasira kama babu yako," bibi alisema. Kumkanda tumbo aliniachia mimi, kwa sababu mikono ya fundi cherehani, alidai, imezoea vitu laini. Mtani alimtembeza uani kwa kumtangulia na jani, akiinama na kurudi kinyumenyume, akiongea naye Kimakonde. Sungura akawa anamfuata hatua chache na kukaa. Hakula. Nilianza kuogopa kimoyomoyo, na nadhani wao pia, maana mizaha ilipungua hadi nikawa nasikia saa ya ukutani.

Kesho yake alasiri tulikuwa wote watatu tumepiga magoti nyuma ya nyumba. Mpangaji alikuwa amejikunja kwa namna mpya, anajikaza. Bibi alinishika mkono. Mtani alivua kofia. Halafu kikadondoka kimoja, kikavu, kidogo. Kikafuata kingine. Kisha vikaja kwa mfululizo.

"Amepata choo!" bibi akapaza sauti. "Jamani, mgonjwa amepata choo!"

"Alhamdulillah!" zikaitikia sauti kutoka mbele ya nyumba.

Tukatazamana. Kumbe habari zilikuwa zimeshafika hadi ghala la korosho kwamba kwa bibi kuna mgonjwa mahututi, amepelekwa Ruangwa amefungwa kwenye khanga. Nani alizieneza, mtani hakutaka kusema, ila alikuwa akikagua kofia yake kwa makini sana. Akina mama wenzake bibi wa msikitini walikuwa wamekuja kumjulia hali mgonjwa, wamebeba chupa ya uji, mayai na sukari. Walishazunguka pembe ya nyumba kabla sijasimama. Wakamkuta mama mtu mzima wa heshima zake, mtani wake na mjukuu wake, wamepiga magoti wakishangilia kinyesi cha sungura.

Kiongozi wao, mama mnene mwenye sauti nzito, alituangalia mmoja baada ya mwingine.

"Mgonjwa yuko wapi?"

Bibi akanyoosha kidole.

"Huyu?"

"Ndiye."

"Tumemwombea dua huyu? Tangu juzi?"

"Na imejibiwa," bibi akasema. "Umeona mwenyewe."

Mama yule akasema sukari yake anaondoka nayo. Mwenzake mmoja akaanza kucheka chini ya mtandio. Akafuata mwingine. Mwisho wake mkeka ulitandikwa, chai ikachemshwa kwa sukari ileile, na uji wa mgonjwa tukaunywa sisi.

Walipokuwa wakinywa chai, mtani alikuwa bado amechuchumaa kule nyuma peke yake, ameshika unyasi mmoja mrefu. Nilikwenda kumwita. Akanionyesha kwa kichwa ninyamaze. Mpangaji alikuwa ameusogelea. Akaunusa, akaung'ata ncha, akasita, kisha akaanza kuuvuta ndani ya mdomo kwa vile vimeno vyake, ukipungua, ukipungua, mpaka pua yake yenye doa ikagusa vidole vya mzee.

Niligeuka nikamwona bibi mlangoni, kikombe mkononi. Alikuwa ameona yote. Alikuwa amemtunza kiumbe yule, amempa maandazi na dua, na sasa tonge la kwanza Mpangaji alikuwa amelichukua mkononi mwa mtu aliyetaka kumpika na vitunguu.

"Msaliti," alisema, sijui kwa yupi kati yao.

Akarekebisha khanga kichwani.

"Mtani," akaita. "Nenda kanawe mikono. Chai yako inapoa."

Mtani akasema subiri, bado anakula, akachomoa unyasi mwingine kwenye mzigo.