Vipandio Ishirini na Viwili vya Shahhat

Ngazi ya mnara wa njiwa ilikuwa na vipandio ishirini na viwili, na Shahhat alivijua kwa nyayo. Mnara ule wa mbao aliujenga mwenyewe juu ya paa lao pale mjini Mansura, akaupaka samawati, na tangu ujana wake hakukupita alasiri asiupande.

Figo zake zilikuwa zimeacha kazi mwaka wa nne sasa. Mara tatu kwa wiki alikwenda kusafishwa damu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine. Mshipa huo ulivuma mchana na usiku. Akimlaza njiwa juu yake, ndege hufumba macho, na Shahhat naye hufumba yake, wakaelea wote wawili kana kwamba paa limeng'oka na kufuata mawingu. Utamu wa pale, wallahi, hausimuliki.

Kisha pumzi zikaanza kumtoroka. Kwanza kwenye kipandio cha ishirini, halafu cha kumi na tano, halafu cha tisa. Na mzee wetu akanyamaza! Wafuga njiwa wa Mansura ndivyo walivyo. Mmoja wao akikohoa mbele ya daktari, huambiwa ni vumbi la manyoya, uza ndege. Basi hawakohoi, wanakimeza kikohozi.

"Kifua je, ami Shahhat?" Daktari Mirvat wa pale penye mashine alikuwa akimwuliza.

"Kama cha farasi, binti yangu."

Farasi gani huyo, anayelala ameketi, mito mitatu mgongoni!

Galila mkewe, aliyeamini njiwa ndio wanaomziba pumzi, alivumilia mpaka akachoka. Siku moja mumewe akiwa kwenye mashine, alimwita Muawadi, mfuga njiwa wa paa la pili, hasimu wa miaka thelathini, akampa ndege wote. Shahhat alirudi akakuta mnara kimya.

"Umeniua, Galila."

"Nimekuponya, Baba Shadia. Utanilaani leo, kesho utapumua."

Hakupumua. Wiki tatu zilipita bila unyoya hata mmoja nyumbani, naye sasa alitweta akivaa viatu. Usiku alikuwa akiota anaruka na ndege wake juu ya mto, kifua chepesi, kisha anaamka akitafuta hewa kwa mdomo. Asubuhi moja Galila alimtazama. "Njiwa hawapo. Mbona pumzi hazirudi?"

Swali hilo ndilo lililomfungua mdomo. Alimweleza Daktari Mirvat kila kitu, akapigwa picha ya moyo.

"Presha ya mkono tunaipima kila unapokuja," daktari alisema. "Yako imepanda ndani ya mapafu. Figo zikilala, maji hubaki mwilini. Na huu mshipa wa mkononi unarudisha damu nyingi mno, moyo unahemewa kuisukuma. Ungeniambia mapema, ami! Tutaubana kidogo, na maji utakunywa kwa kipimo."

"Na njiwa?"

"Njiwa wamekosa nini? Ngazi ndiyo usiiguse."

Shahhat alilia palepale, na Galila aliyekuwa mlangoni akajifunika uso kwa mtandio.

Mshipa ulibanwa. Siku chache baadaye alikuwa amejilaza mkekani chini ya mnara, mkono ukivuma kwa upole, aliposikia mabawa. Muawadi alikuwa amewafungua ndege kwa mara ya kwanza, nao badala ya kumzunguka yeye wakaja kuzunguka mnara wa samawati, weupe kwa wekundu. Lakini mlango wa juu ulikuwa umefungwa. Sheria ya mapaa haina huruma: ndege ni wa anayemwingiza mnarani mwake. Kule ng'ambo Muawadi alikuwa akipunga bendera na kupiga mbinja kama kichaa, akiwaita warudi.

Shahhat alijaribu mbinja, ikatoka hewa tupu. Akaishika ngazi. Kipandio cha nne, macho yakaingia giza.

"Shuka!" Galila alikuwa nyuma yake. "Shuka, nakwambia!" Shahhat akashuka.

Huyu ni mwanamke ambaye hata juu ya kiti hasimami. Alikunja gauni, akasoma bismillahi, akapanda huku amefumba macho. Kule juu akafungua mlango. Mbinja hajui, basi akapiga vigelegele, vile vya harusi, mtaa mzima ukainua vichwa. Njiwa wakayumba mara moja, kisha wakaingia mmoja mmoja.

"Umefunga?" Shahhat aliuliza.

"Nimefunga. Sasa mimi nani atanishusha?"

Shahhat aliikumbata ngazi kwa mikono miwili isitikisike, akaanza kumhesabia, akipumzika kila baada ya namba, ishirini na mbili, ishirini na moja, mpaka mguu wa mkewe ukagusa paa.