Rubisi ya Posa Iliyonywewa na Rejeta

Jamani, mnavyonicheka hapa gereji Kahororo kila nikishika pampu ya maji nimestahili, kwa hiyo acheni niwasimulie mwenyewe, maana mlichosikia kwa wengine kimetiwa chumvi (ingawa si nyingi).

Gari langu nililishusha injini mwenyewe, nikabadilisha ringi, gasketi, kila kitu, ila pampu mpya ya maji haikuwa imefika kutoka Mwanza, na kesho yake mdogo wangu Projesti alikuwa anapeleka posa Kamachumu. Nikaizungusha ile ya zamani kwa mkono, ikazunguka laini, nikasema hii inatutosha, nikaifunga. Fundi mzima, tena ninayewakataza wateja jambo hilohilo!

Asubuhi tukaondoka, mimi kwenye usukani, Projesti ndani ya suti ya kuazima, shangazi yetu nyuma amepakata kibuyu cha rubisi, mdomo umezibwa kwa majani ya mgomba. Kwetu posa bila pombe ya ndizi haizungumzwi, na baba wa binti alishatukataa mara moja kwa kuchelewa, akaapa kwamba safari hii saa sita ikipita tusigonge. Projesti usiku hakulala.

Mpaka Muhutwe mambo shwari. Tulipoanza kupanda mlima, mshale wa joto nao ukaanza kupanda. Nikazima redio nisikilize, nikasikia kitu kinakwaruza kule mbele.

"Kaka, hiyo harufu ni ya nini?"

"Breki za lori lililopita," nikadanganya, na lori lenyewe hakuna aliyeliona.

Kona iliyofuata mvuke ukafumuka. Kufungua boneti, maji yanamwagika kwenye pampu. Tukasubiri ipoe, tukamimina maji yote ya kunywa kwenye rejeta, hayakutosha, nyumba karibu hakuna, na saa sita hiyo inakuja. Projesti alikaa kwenye jiwe akaanza kulia. Ndipo macho yangu yakaenda kwenye kibuyu.

"Thubutu!" shangazi akasema.

"Shangazi waitu," nikambembeleza kwa heshima ya Kihaya, "tukichelewa hata hatufunguliwi mlango."

Akageuza uso asione. Nikamimina yote. (Pikipiki mbili zilitupita nikiwa namimina, na wazo la kumpakia shangazi na kibuyu chake halikunijia mpaka jioni.)

Tuliingia uani kabla ya saa sita, boneti ikitema povu, uwanja mzima ukinuka kilabu. Wazee wametulia kwenye viti. Mzee, baba wa binti, akapokea kibuyu, akakitikisa, akakipindua, hakuna hata tone. Akalisogelea gari, akainama, akanusa. Projesti alishapiga magoti, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Mleta pombe huonja kwanza, ndipo ampe mwenyeji," mzee akasema polepole. "Hili gari lenu limeonja, au limemaliza?"

Mama wa binti ndiye aliyeanza kucheka. Mzee hakucheka, ila alisema turudi Jumapili na vibuyu viwili, nami nivibebe kwa miguu kutoka chini ya mlima. Nilivibeba, na binti tulipewa.

Pampu ya zamani sifungi tena, hata kwenye gari la adui yangu. Projesti sasa ana watoto, kwake yamekwisha. Kwangu bado, kwa sababu kila nikienda kumsalimia mzee, kabla sijapewa kiti anamimina rubisi kikombeni, ananikabidhi kwa mikono miwili, kisha ananionyesha gari kule nje.

"Mpe kwanza mwenzako. Amepanda mlima."