Mzee Antena Apanda Darini

Mtu aliyelisha familia kwa kuunga waya za watu hapendi kuambiwa kwamba kwake mtandao unakatika. Mzee Antena aliambiwa na binti yake mwenyewe, tena kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma zaidi.

Jina hilo alipewa na mtaa enzi zile alipokuwa akipanda mapaa kufunga antena za televisheni. Nyumba yake aliiunga kwa mikono yake. Kila mtoto alipopata chumba chake, baba alipanda darini akavuta waya mnene mweusi, ule wa televisheni wenye uzi wa shaba katikati, akaushusha mpaka ukutani kwa mtoto. Ili waya mmoja utokao nguzoni, ile nguzo ya kampuni mtaani, uwatoshe wote, alifunga splita, kidude cha bati chenye mdomo wa kuingizia na midomo ya kutolea. Midomo ilipojaa, akaunga splita nyingine kwenye ile ya kwanza. Watoto wanne, vyumba vinne, na sebule. Mgeni alikuwa hajaketi vizuri anaonyeshwa tundu la ukutani, na ole wake asiposifu.

Wakubwa watatu walishaondoka, kila mmoja na maisha yake. Alibaki kitinda mimba, yule binti, aliyekuwa akifanya kazi chumbani mwake, vipokea sauti masikioni, akiwasikiliza wateja wa kampuni moja wakilalamika. Modemu yake ilipata mtandao kupitia waya uleule wa baba. Basi mtandao ukaanza visa. Mteja yuko katikati ya kulalamika, kimya. Akipiga tena, ana malalamiko mawili.

Msimamizi wake akasema imetosha: mtandao ukikatika tena, binti ahamie mji wenye ofisi kuu akafanyie kazi huko. Hakubisha. Mama yake alimkuta anapanga nguo begini.

"Tatizo liko nguzoni kwa hao wa mtandao," Mzee alisema mezani, bila kuulizwa. "Waya zangu hazina neno."

Alishawapigia simu watu wa mtandao mpaka wakaizoea sauti yake. Fundi wao alikuja, akapima, akasema mawimbi yanafika salama mpaka ukutani mwa nyumba, akaomba apande darini. Mzee alimpa chai. Dari hakumpa.

Lakini lile begi lilimnyima raha. Asubuhi aliegemeza ngazi, akapanda na modemu kwapani, akaiunga moja kwa moja kwenye waya utokao nguzoni, kabla ya splita yoyote.

"Jaribu," akaita.

"Safi, Baba," binti alijibu kutoka chini. "Haukwami hata kidogo."

Akaihamishia modemu baada ya splita ya kwanza. Mtandao ukapungua, lakini haukukatika. Akaihamishia baada ya ya pili, pale ulipoanzia waya wa kitinda mimba, na taa ya modemu ikaanza kupepesa.

"Umekatika," binti akasema.

Mzee akakaa juu ya boriti. Angekuta kazi ile kwa mteja angecheka mpaka machozi, kisha angeuliza ni fundi gani huyo. Kila splita ilikuwa ikikata fungu lake, na mtoto aliyefungiwa mwisho alipata makombo. Tena yale matundu ya vyumba vitupu, yasiyochomekwa kitu, yalikuwa yakiingiza kelele kwenye waya kama madirisha yaliyosahauliwa wazi. Dawa aliijua: kung'oa splita zote, na waya wa nguzoni uende kwa binti peke yake. Akakaa.

Mkewe akachungulia kwenye tundu la dari.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Mbona huungi, sasa?"

"Nikizitoa hizi, vyumba vya wenzake vinakufa. Je, wakija?"

"Baba watoto," mkewe akasema, "wale wana kwao. Wakija ni salamu, chai, wameaga. Huyu ndiye aliyepo, na ndiye unayempa makombo."

Neno hilo lilimwingia. Maisha yake yote aliamini amewagawia watoto sawasawa. Vile vidude vya bati ndivyo vilikuwa ushahidi wake. Aliwapenda wote wanne kupita kiasi, na kwa kutaka kila mmoja apate, alikaribia kumkosa yule mmoja aliyebaki.

Alifungua vichwa vya waya kwa vidole, wa mkubwa, wa wa pili, wa wa tatu, kisha wa sebule. Hakuzikata waya. Alizikunja, akazifunga kwa kamba, akaziweka kando taratibu. Kisha akazing'oa splita, akaunga waya wa nguzoni moja kwa moja na ule wa kitinda mimba. Alipoteremka macho yalikuwa mekundu, akalisingizia vumbi, na mkewe akalikubali vumbi.

Mchana binti alipoingia kazini, Mzee akaenda ukumbini kukaza bawaba ya mlango ambayo haikuwa imelegea. Alisikiliza. Sauti ya binti ilipita nzima, haikukatika. Mteja wa kwanza alilalamika mpaka akaishiwa, akashukuru. Wa pili vilevile. Bawaba ilikazwa mpaka mlango ukagoma kufungika.

Jioni binti alitoka, akasimama mbele yake.

"Msimamizi kaniuliza kama nimeshahamia ofisini. Anasema sauti imekuwa nzuri mno."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia niko nyumbani, na nitabaki nyumbani."

Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Lakini Baba," binti akasema, "mama kaniambia umetoa hata waya wa televisheni ya sebuleni. Kaka na dada wakija, tutakaa pale tunaangalia nini?"

"Tutaangaliana," akasema, akaokota bisibisi yake sakafuni.