Samaki Hawagomi

Siku yangu ya kwanza kazini Mpanda niliripoti nimevaa viatu vya kung'aa, na Afisa Uvuvi, mzee wa Kifipa aliyekuwa bosi wangu wa kwanza, akaniambia nivivue. Alinipeleka kwenye bwawa la mafunzo jua likiwa la utosi, akanikabidhi ndoano yenye mnyoo, naye akakaa kivulini. Nilivua mpaka shingo ikaungua. Chelezo, yaani kile kipande cha bua kinachoelea ili uone samaki akidonoa, hakikutikisika hata kidogo.

"Wamegoma, mzee," nikasema.

"Wamegoma? Kwani wana chama cha wafanyakazi?" Akaniamuru nizamishe mkono hadi begani. Juu maji yalikuwa ya kuogeshea mtoto, chini yalikuwa baridi. "Wako huko chini wanakimbia joto. Njoo alfajiri, weka chambo kidogo, kizame taratibu karibu na matete. Na ukiona hawali, usiwaongezee chakula. Umenisikia? Usiwaongezee!"

Nilimsikia, na nawaeleza nyie mnaofuga leo kwa sababu kosa hilohilo bado linafanyika na bado linanitia hasira. Maji ya moto hayashiki hewa nyingi, na samaki akipungukiwa hewa hupunguza kula. Ukimwaga pumba wakati huo, inazama na kuoza, na kule kuoza kunamaliza hewa iliyobaki. Alfajiri utawakuta samaki juu ya maji, midomo wazi. Ukiona hivyo, acha kulisha na fungulia maji mapya. Hakuna uchawi hapo.

Baadaye nilipangiwa Kasekese. Huko alikuwepo Mama Kabula, mjane wa familia ya wafugaji waliohamia na ng'ombe zao kutoka Usukumani. Alimtoa ng'ombe wake wa maziwa ili achimbiwe bwawa, na mashemeji zake wakamcheka kijiji kizima kikisikia. Walisema mjane anafuga maji. Bwawa lile likifa, wanawe hawana kitoweo na yeye hana pa kuweka uso.

Halikufa. Perege wake walinenepa mpaka idara ikaamua kufanyia sherehe hapo. Bosi wangu wa wakati huo, Mkuu wa Idara, alipanga mgeni rasmi avue samaki mbele ya kamera asubuhi na mapema. Mgeni rasmi alifika adhuhuri. Ngoma zikapigwa, ndoano ikatupwa, chelezo kikatulia kimya. Mheshimiwa akafuta jasho, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Hawa samaki wanatuaibisha," Mkuu wa Idara akaninong'oneza. "Mwaga pumba waje juu."

"Mkuu, joto hili tutawaua. Tumwombe Mheshimiwa avute subira mpaka jioni."

"Mgeni rasmi asubiri samaki? Una akili wewe?"

Nilikataa. Akawaita vijana wa jukwaa, wakamwaga pumba gunia zima, na Mama Kabula akipiga kelele, "Jamani, bwawa langu!" Walimkalisha kwenye kiti cha wageni na kumwambia apige makofi. Hakuna samaki aliyepanda. Usiku mfereji wa kuingiza maji ulikuwa mkavu, maana ndio ukame wenyewe, na tulihangaika na ndoo mpaka kukacha. Perege walielea matumbo juu, weupe bwawa zima. Mama Kabula hakulia. Alikuwa akiwaokota mmoja mmoja huku mashemeji wakimtazama ng'ambo ya pili.

Kilichonichoma zaidi ni kikao cha kijiji. Mkuu wa Idara alisimama akasema mfugaji amezembea. Amezembea! Mama aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo kuwika ili apime maji kwa mkono wake! Nikasimama nikasema mbele ya wote gunia lilimwagwa na nani na kwa amri ya nani. Haikupita muda nikahamishiwa Mwese, milimani, ambako kazi nyingi ni kutembea kwa miguu. Sikuwahi kupandishwa cheo tena. Sijutii, ila msiniambie nimesahau.

Mwese ina vijito vya baridi. Nililea vifaranga vya perege huko, nikawapakia kwenye dumu, nikateremka nao kwa pikipiki hadi Kasekese. Mama Kabula alilipokea dumu kwa mikono miwili.

Sasa nimestaafu, nakaa Shanwe, hapa Mpanda, na vijana hunipigia simu kuuliza dawa ya samaki waliogoma. Nawafokea, kisha nawaeleza.

Juzi nilikwenda kumsalimia Mama Kabula. Ilikuwa saa za joto kali. Nilikuta gari jeupe limeegeshwa na wageni wenye suti wamesimama ukingoni na ndoano zao mpya. Mmoja alikuwa amebeba mfuko wa pumba, anamwomba mama ruhusa ya kumwaga kidogo tu, kwa sababu mkubwa wao ana haraka ya kurudi mjini.

Mama Kabula aliuchukua ule mfuko, akaukalia.

"Rudini alfajiri," akasema. "Samaki wangu hawamjui mgeni rasmi."