Aliyemwona Bibi Yuko Dwarka

Mama alikuwa hamjui mamake. Jina alilijua, na kaburi alijua liko Unguja mahali gani, lakini bibi alikufa mama akiwa mdogo wa kubebwa, picha hakupigwa, na kila aliyeulizwa alitoa jawabu lile lile: alikuwa mtu wa peponi. Sisi ndivyo tulivyo, maiti hasemwi ila kwa mema. Mama akiuliza alikuwa mrefu au mfupi, shangazi yake aliyemlea husema alikuwa mzuri, Mwenyezi Mungu amrehemu, na hapo hapo mikono juu, dua inaanza, khalas. Dua utaikatiza vipi? Basi mama akazeeka huku Ibra, Omani tulikohamia, na malaika mahali pa mamake, na wale waliomwona bibi kwa macho yao wakaondoka mmoja mmoja mpaka wakamalizika.

Tulidhani wamemalizika. Siku moja, katika miaka ya tisini, mama alikwenda Sur, mji wa pwani, kununua kitambaa. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kibaniani, na watu wake nao walikaa Unguja zamani. Neno likavuta neno, ikadhihiri kwamba binti wa Kibaniani, jirani wa kina bibi, nyumba zao zikigawana ukuta mmoja, yu hai. Kafiwa na mume, kahamia Dwarka, mji mtakatifu wa Mabaniani kando ya bahari huko Gujarati, amalizie umri wake karibu na hekalu. Binti huyo alikuwa mkubwa kwa mama kwa miaka kadhaa, na akishinda nyumbani kwa bibi kutwa. Huyo ndiye aliyemwona bibi vizuri.

Mama alirudi Ibra bila kitambaa, akatangaza kwamba anakwenda Bara Hindi. Ami yangu, ndugu yake baba, akapandisha hamaki. Mwanamke mzima wa Kiislamu aende mji wa kuhiji wa Mabaniani kutafuta nini? Akaleta na ule msemo wa baniani mbaya kiatu chake dawa. Mama akamwambia yeye hataki kiatu, anataka khabari za mamake, na kama ami anazo, azitoe. Mimi nilikuwa mwalimu wa skuli, likizo ndiyo kwanza imeanza, na lazima mtu amsindikize mama. Wallahi nilifurahi hata nikaona haya, maana yeye anakwenda kutafuta marehemu na mimi natafuta viatu vya safari.

Tukapanda ndege Maskat mpaka Bombay, tukapanda treni, tukashuka Jamnagar tukakodi teksi. Njiani nikasikia harufu. Nikafungua begi la mama, chini ya halua, nikakuta papa mkavu wa Sur amefungwa ndani ya kanga. Papa! Tunakwenda mji ambao hata yai mtu halitaji kwa sauti, na mama kachukua papa. Nikamkoromea: hawa hawali kitu chenye roho, utatufukuzisha kabla hatujapiga hodi. Mama, bila wasiwasi wowote, akasema yule tunayemwendea kwao hakula, lakini kwetu, mwenye duka kamwambia, alikuwa akila. Dereva kumbe ni Muislamu mwenzetu, na madirisha yote ameshayafungua zamani kwa adabu. Nikamwambia kwa Kihindi changu cha filamu amchukue yeye huyo papa. Akamtia chini ya kiti haraka haraka, asije mama akabadilisha mawazo.

Na Dwarka yenyewe! Mimi nimezoea Ibra, ukipita adhuhuri unasikia maji ya falaji tu, mfereji wetu wa mashamba. Hapa mnara wa hekalu umepaa juu, kileleni bendera ndefu inapigwa na upepo wa bahari, na tulipofika ilikuwa inabadilishwa. Mtu amepanda kule juu kabisa, bila woga, na umma mzima chini umeinua nyuso. Ilipofunguka ile mpya wakapiga kelele kwa furaha, na mimi, Mungu anisamehe, nikajikuta nami nimeshika kifua na mdomo wazi. Wazee wanashuka ngazi za mtoni kuoga, ng'ombe wanapita katikati ya maduka kama waliolipa kodi, maua kila mahali, kengele, watoto mabegani. Watu walitutazama mabaibui yetu, wakatusogezea njia, mwanamke mmoja akampa mama maji. Mama hakutazama kitu. Alikuwa anakwenda mbele yangu, yeye ambaye Ibra hupumzika mara mbili kufika dukani.

Nyumba ilikuwa kichochoroni nyuma ya hekalu. Mama akasimama mlangoni, akatengeneza mtandio, akapiga hodi ya kwetu, kwa sauti ile ya Unguja. Halafu kutoka ndani: "Karibu! Nani mwenzangu?"

Alikuwa kikongwe mwembamba, sari nyeupe, amekaa juu ya bembea katikati ya sebule. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu kana kwamba tunaonana kila Ijumaa. Mama akajitaja mtoto wa nani. Yule kikongwe akamshika mashavu kwa mikono miwili, wakalia, wakacheka, wake za wanawe wakaleta chai na vitafunio, na halua yetu ikafunguliwa. Hakuna pale aliyejua Kiswahili ila sisi watatu.

Mama hakuweza kungoja chai ipoe. Akasema, "Dada, nambie khabari za mamangu. Usinambie alikuwa mzuri."

Yule kikongwe alimtazama, akaona kwamba ndivyo anavyotaka. Akasema, "Alikuwa mfupi, na mkali kama pilipili."

Akaendelea. Alikuwa na pengo la jino la mbele, akicheka huziba kwa kiganja. Wali wake ukiungua siku zote, kwa kuwa hupika huku yuko dirishani akigombana na mtaa kwa ajili ya maji ya mfereji. Siku moja alimkuta yeye, mtoto wa Kibaniani, jikoni na kipande cha papa mdomoni. Akamtwanga mwiko, akamsugua mdomo kwa ndimu, akamwambia mama'ko ameniamini na wewe. Yote hayo aliyasema mbele ya wake za wanawe, nao wakitabasamu kwa heshima. Na ugomvi wote ule, akamwambia mama, ni wewe uko kiunoni. Hakukuweka chini hata akirusha ngumi.

Mama alicheka mpaka mtandio ukamtoka kichwani. Anauliza pengo upande gani, anauliza aligombana na nani zaidi, anapiga paja, anacheka. Sijapata kumwona vile. Halafu kicheko kikageuka, na mama akateremka kwenye kiti akakaa chini, akalia kwa sauti. Nikaruka kumshika, akaniondosha mkono.

"Niache mwanangu," akasema. "Nimefiwa na mama."

Yule kikongwe akashuka kwenye bembea taratibu, goti moja baada ya jingine, akaketi sakafuni ubavuni pake, kama wanavyoketi wanawake wa Unguja kwenye kilio. Akaniashiria nami nikae. Nikakaa.